Ufagio wa Jumamosi Unaishia Wapi?

Jumamosi asubuhi Buyenzi, mtaa wa jiji la Bujumbura, huamka bila kelele za magereji. Maduka yamefungwa, magari yamesimama, na watu wametoka na majembe, makoleo na fagio za chelewa. Ni saa za ibikorwa rusangi, kazi za jamii zinazojulikana Burundi nzima. Vijana wanaingia mtaroni hadi magotini, wanazibua. Kinachotoka humo ni tope jeusi lililosokotana na sashe, chupa za plastiki, kandambili zilizokatika, maganda ya ndizi, nepi za watoto. Vyote vinachotwa na kuwekwa ukingoni. Maji yanaanza kupita, akina mama wanafagia mbele ya nyumba, kiongozi wa mtaa anasema maneno machache, watu wanatawanyika kwenda kuoga.

Lundo linabaki pale pale. Lori likija siku hiyo au kesho yake, kazi ya Jumamosi imezaa matunda. Lisipokuja, mvua ya kwanza inalirudisha tope mtaroni, mtaro unalipeleka mto Ntahangwa, na Ntahangwa inalipeleka Ziwa Tanganyika.

Katika ziwa hilo hilo, kampuni ya umma ya Regideso huvuta maji ambayo jiji la Bujumbura linakunywa.

Ziwa hili huwadanganya watu kwa ukubwa wake. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachokaribia mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, na limehifadhi takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi yasiyo barafu juu ya uso wa dunia. Mtu akisimama ufukweni jioni, milima ya Kongo ikiwa mbele yake, ni rahisi kuamini kwamba chupa moja au ndoo moja ya maji machafu haiwezi kulidhuru. Lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, ulio karibu na Kalemie upande wa Kongo. Maji mengi zaidi huondoka kwa kupaa kama mvuke kuliko kwa mto huo, na mvuke hauchukui plastiki wala mafuta machafu ya injini. Kinachoingia hukaa. Isitoshe, chini ya mita mia mbili hivi ziwa halina hewa ya oksijeni, kwa hiyo samaki kama ndagala, mukeke na sangala wote wamejibana katika tabaka jembamba la juu. Tabaka hilo ndilo linalopokea mitaro yetu.

Hoja ya makala haya ni moja. Bujumbura si jiji la watu wachafu, wala si jiji la watu wasiomcha Mungu. Ni jiji linalofagia kila wiki na kusali kila siku, ambamo taka huhamishwa kutoka ua mmoja hadi mwingine kwa sababu hakuna aliyewekwa, kwa jina na kwa bajeti, kuzipokea mwisho wa safari. Wenye kuweza kulibadilisha hilo ni wale wenye uwezo wa kukusanya watu, yaani viongozi wa dini na viongozi wa siasa. Mpaka sasa pande zote mbili zimejitahidi zaidi kuwahimiza raia washike ufagio kuliko kujiuliza lori liko wapi.

Zamani kidogo jibu lilikuwepo, hata kama halikutosha. Huduma ya jiji iliyoitwa SETEMU ndiyo iliyobeba taka na kusimamia maji machafu, pamoja na mabwawa ya kusafishia maji hayo kule Buterere, kaskazini mwa jiji. SETEMU ilidhoofika, malori yakachakaa, na leo haipo tena. Kazi ikagawanywa kwa vyama vya wazoa taka na kampuni binafsi zinazotoza kila kaya ada ya mwezi. Mwenye uwezo analipa, na mfuko wake unachukuliwa. Asiye na uwezo huchimba shimo uani, au huchoma, au hungoja giza na kwenda ukingoni mwa mto. Nao wazoa taka wanaojitahidi wamekutana na balaa jingine, uhaba wa mafuta ulioibana nchi miaka ya karibuni. Lori lisilo na mazuti haliendi Mubone.

Mubone ni kule Kabezi, kusini, mahali ambapo taka za jiji zimekuwa zikimwagwa. Buterere nako kuna jaa lake, karibu na uwanja wa ndege, ambako watoto wamezoea kuchambua takataka kutafuta chuma, chupa na cha kutia tumboni. Hakuna hata sehemu moja kati ya hizo mbili inayostahili kuitwa jaa la kisasa, lenye sakafu isiyopenyeza maji na mitaro ya kukusanya uchafu unaochuruzika. Mji wa watu karibu milioni moja, kwenye ukingo wa ziwa kama hili, unamwaga taka zake juu ya udongo mtupu.

Mwaka 2014, jiji lilipopangwa upya katika komini tatu badala ya kumi na tatu, mbili kati ya hizo tatu zilipewa majina ya mito: Ntahangwa na Muha. Lilikuwa wazo zuri, maana mito ndiyo iliyochora Bujumbura. Inateremka kwa kasi kutoka milima ya Mumirwa, inapasua vitongoji, inafika ziwani baada ya kilomita chache tu. Lakini mwaka huo huo mito na makorongo yalionyesha upande wao wa pili. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa iliangukia kaskazini mwa jiji. Maji yaliyokosa pa kupita yaliingia majumbani, kuta za matofali mabichi zikaanguka juu ya waliolala, na zaidi ya watu 60 wakapoteza maisha. Mvua ile ingekuwa kubwa hata kama mitaro yote ingekuwa safi. Hata hivyo, mtaro uliozibwa ni mtaro usiokuwepo, na vitongoji vya kaskazini vilijua hilo kabla ya usiku ule.

Halafu kipindupindu. Tarehe 1 Januari 2023 wizara ya afya ilitangaza mlipuko, na wagonjwa wa mwanzo walipatikana Bujumbura na viunga vyake. Ugonjwa huu haupatikani hewani. Ni kinyesi kilichofika kwenye maji ya kunywa au chakula, basi. Sehemu tu ya jiji imeunganishwa na mabomba ya maji machafu yanayokwenda Buterere. Waliobaki wanategemea vyoo vya shimo na makaro, ambavyo msimu wa mvua hufurika.

Sasa tuingie msikitini na kanisani.

Buyenzi ni mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili tangu enzi za ukoloni, na hakuna khatibu wa Buyenzi asiyejua mafundisho ya usafi. Mtume alifundisha kwamba imani ina matawi mengi, na kwamba tawi lake dogo kabisa ni kuondoa udhia njiani. Alikataza kujisaidia katika maji yaliyotuama. Aliwakanya maswahaba wasifuje maji hata wakitawadha ukingoni mwa mto unaotiririka. Haya yamehubiriwa mara nyingi. Tatizo ni kwamba katika mazoea ya watu, twahara inaishia mlangoni. Kanzu ni nyeupe, mkeka umefagiliwa, birika la udhu linang'aa, lakini mtaro ulio nyuma ya ukuta wa msikiti unachukuliwa kuwa mali ya serikali.

Wanazuoni wanaweza kulifikisha jambo hili mbali zaidi kwa kutumia elimu waliyo nayo tayari. Kila mwanafunzi wa madrasa amesoma mlango wa maji: maji mengi hayanajisiki kwa kuingiwa na uchafu mpaka yabadilike rangi, harufu au ladha. Ni kanuni yenye rehema, iliyowafaa wasafiri na wakulima kwa karne nyingi. Basi na waende mahali ambapo mto Kinyankonge, unaopita kaskazini mwa jiji, unakaribia ziwa, wakiwa na wanafunzi wao. Waangalie rangi. Wanuse. Halafu warudi watoe hotuba ya Ijumaa juu ya walichokiona. Hotuba hiyo ingekuwa na uzito kuliko semina kumi za hotelini, kwa sababu ingesema kwa lugha ya fikihi, ambayo waumini wanaiamini, kwamba mji unaharibu maji yake ya kutawadhia na kunywea.

Wakatoliki, ambao ndio wengi nchini, wana waraka wa Papa Fransisko, Laudato Si', uliotolewa Juni 2015, unaofundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kimoja. Maskini wa Buterere wanaoishi kando ya jaa hawahitaji kufafanuliwa hilo. Waprotestanti nao husoma katika Mwanzo kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Madhehebu hayatofautiani hapa. Na idadi yao ni kubwa: kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, makusanyiko ya ibada hukusanya watu wengi kuliko mkutano wowote wa karitie, yaani mtaa. Kwaya, vijana wa parokia, akina mama wa misikitini, skauti, wote wana utaratibu, daftari la majina na imani ya kutosha kuamka mapema. Wanachokosa ni kiongozi wa kuwaambia kwamba kumdai mwenye dhamana ya lori nako ni tendo la ibada.

Kuna mfano wa Pemba unaostahili kukumbukwa. Katika kisiwa kidogo cha Misali, ambacho jina lake wenyeji hulihusisha na msala wa kuswalia, wavuvi walikuwa wakitumia baruti na mbinu nyingine zilizovunja matumbawe. Mwaka 1998 kisiwa kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Makatazo ya serikali peke yake hayakuwagusa wavuvi vya kutosha, ndipo shirika la CARE na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya IFEES, pamoja na masheikh wa Zanzibar, wakaanza kufundisha kwamba mwanadamu ni khalifa, mlinzi wa amana, na kwamba baruti ni ufisadi katika ardhi na bahari. Wavuvi walisikia. Lakini isisahaulike kwamba mawaidha yale yalishikamana na sheria, doria, na kamati ambayo wavuvi wenyewe waliketi ndani yake. Sheikh hakuachiwa peke yake kazi ya mlinzi wa hifadhi.

Hapo ndipo siasa inapoingia, na Burundi ina historia ya pekee ya siasa na sala. Rais Pierre Nkurunziza alikuwa mlokole aliyehubiri hadharani, mke wake ni mchungaji, timu yake ya mpira iliitwa Haleluya, na mikutano ya maombi ya viongozi ilikuwa sehemu ya ratiba ya dola. Évariste Ndayishimiye, Mkatoliki, aliyemrithi mwaka 2020, naye ameendeleza ibada za shukrani za kitaifa. Kumwomba Mungu si kosa. Kosa huanza pale sala inapochukua nafasi ya jambo ambalo Mungu amekwisha kuliweka mikononi mwa watu.

Mwaka 2020 ulitoa somo wazi juu ya hilo. Wakati korona inaingia Afrika Mashariki, viongozi wa Burundi walisema kwamba Mungu ameilinda nchi, na mikutano ya kampeni ya uchaguzi wa Mei ikaendelea na umati wake. Nkurunziza akafariki tarehe 8 Juni. Tarehe 30 Juni rais mpya aliitangaza korona kuwa adui mkubwa kuliko wote wa Warundi, na katika hotuba hiyo hiyo akatangaza kushushwa kwa bei ya sabuni ya bluu kwa nusu, ili hata maskini aweze kunawa. Hakuacha kumtaja Mungu. Alimtaja, kisha akataja bei ya sabuni. Warundi wengi wanaikumbuka siku ile, na wana haki ya kudai hotuba ya namna hiyo juu ya taka, yenye bei, tarehe na idadi ya malori.

Serikali imeonyesha pia kwamba inaweza kutunga sheria nzuri. Agosti 2018 Nkurunziza alitia saini amri ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, ikaacha miezi 18 ya kujiandaa, hivyo ikapaswa kuanza Februari 2020. Burundi ilikuwa inafuata nyayo za Rwanda ya 2008, Kenya ya 2017, na ilikwenda sambamba na Tanzania Bara ya 2019. Sashe hazikuisha, lakini amri ilitoa msingi. Chupa na vifungashio vya viwandani vikabaki nje ya katazo, na hivyo ndivyo vinavyoelea leo. Sheria ya maji ya 2012 nayo ilitenga mita 150 kutoka ukingo wa ziwa zisijengwe. Anayetembea ufukweni atahesabu mwenyewe kuta, baa na mahoteli yaliyomo ndani ya mita hizo, na atakumbuka ni nani wenye uwezo wa kujenga hapo. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni, likavifikia baadhi ya viwanja hivyo, lilikuwa linarejea mahali lilipowahi kufika miaka ya 1960.

Nani wa kuuliza maswali haya? Katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala, CNDD-FDD, kilichukua viti vyote 100 vilivyogombewa katika Bunge. Kwa hiyo hakuna mbunge wa upinzani wa kusimama na kumuuliza waziri kuhusu Mubone. Mzigo wa swali umewaangukia wengine: wanahabari, wanasayansi wa chuo kikuu, na wale ambao dola huwasikiliza hata pale isipopenda, yaani maaskofu na masheikh. Wakiwa kimya, ukimya huo una matokeo ndani ya maji.

Wapo watakaosema kwamba Bujumbura inasingiziwa, kwamba uchafu mwingine unatoka ng'ambo. Ni kweli kwa sehemu. Bukavu, kwenye Ziwa Kivu, inatupa plastiki ambayo husukumwa hadi bwawa la umeme la mto Ruzizi. Mwaka 2023 ilikwamisha mmoja wa mitambo minne ya pale, na umeme wa mto huo unawasha pia taa za Burundi. Maji ya Ruzizi huishia Tanganyika, kilomita chache magharibi mwa jiji. Nchi nne zinazozunguka ziwa, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka ya ziwa iliyozaliwa na mkataba huo ina makao yake papa hapa Bujumbura. Jiji lenye heshima hiyo lina sababu zaidi ya kuanza na mitaro yake, ndipo litakapoweza kuwauliza majirani wa Kongo, Bukavu na Uvira, bila kutazama chini.

Na yanayoweza kutokea yakiachwa hivi yameonekana Kampala. Jaa la Kiteezi, lililofunguliwa mwaka 1996 na kuendelea kurundikiwa taka miaka mingi baada ya kuonekana limejaa, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 baada ya mvua, likafukia nyumba na watu waliolala. Waliofariki ni angalau 35. Mwezi uliofuata Rais Museveni aliwafuta kazi wakuu wa mamlaka ya jiji. Hatua hiyo ilichukuliwa juu ya makaburi. Ripoti za kuonya zilikuwepo kabla.

Kinachodaiwa kwa Bujumbura si maajabu. Jiji litangaze kila mwezi, kwa Kirundi na Kiswahili, katika ofisi ya kila karitie, ni malori mangapi yanafanya kazi, yanapita siku gani, na ada ya kaya inatumikaje. Malori ya taka yawekwe mbele kwenye foleni ya mazuti, pamoja na magari ya wagonjwa. Kaya zisizoweza kulipa zichukuliwe taka zao bure, kwa sababu mto hauulizi nani amelipa. Mubone na Buterere zipimwe na wataalamu wasiotegemea mkataba wa kuzoa taka, na matokeo yasomwe mbele ya watu. Viongozi wa dini wapewe nafasi ya kuisoma taarifa hiyo makanisani na misikitini, kama wanavyosoma matangazo ya ndoa na misiba.

Na kwa kuwa Jumamosi tayari ipo, na watu tayari wanatoka, hakuna haja ya kungoja sheria mpya ili kuanza. Kazi ikiisha, kabla ya watu kutawanyika, kiongozi wa mtaa anaweza kutaja lori litakalokuja kuchukua lundo lile, saa litakayofika, na mtu atakayepigiwa simu lisipofika. Imamu wa mtaa na mchungaji jirani wakiwa wamesimama pale, koleo mkononi, wanaweza kurudi jioni kuangalia kama lundo limeondoka. Kuanzia Septemba mawingu hukusanyika juu ya Mumirwa, na mtaro ule wa Buyenzi hubakiwa na wiki chache tu kabla ya mvua ya kwanza.